Kufundisha Gesi kwa Michezo ya Nyumbani

Katika mazoezi ya kufundisha tumewaona walimu wanafunzi wengi wakianza somo la gesi kwa kuandika ubaoni: "Hewa ni mchanganyiko wa gesi." Watoto hukariri vizuri. Lakini ukiwaonyesha chupa isiyo na maji na kuwauliza mna nini ndani yake, hujibu kwa sauti moja: "Hamna kitu!" Jibu hilo latuonyesha kwamba somo halijaanza. Kwa mtoto mdogo, kisichoonekana hakipo.

Yafaa basi tuanzie nyumbani, katika michezo. Mtoto azamishapo chupa ndooni husikia maji yakibubujika. Aulizwe: viputo vile vyatoka wapi? Kisha apewe mchezo huu. Akandamize karatasi kavu katika kitako cha kikombe, akipindue, na kukizamisha wima katika beseni la maji. Kabla hajakitoa, atabiri: je, karatasi imelowa? Ataikuta kavu. Akizamishe tena na kukiinamisha; viputo vitatoka na maji yataingia. Hapo atakuwa amejionea kwamba hewa huchukua nafasi, na kwamba maji hayaingii mpaka hewa iyapishe.

Mchezo wa pili ufanywe mbele ya mtu mzima. Maji ya ndimu yatiwe katika chupa, na kijiko kidogo cha magadi katika puto. Puto livishwe kwenye mdomo wa chupa, kisha liinuliwe ili magadi yaanguke. Povu litafura na puto litaanza kujaa gesi ya kaboni dayoksaidi. Mtoto atatambua kwamba gesi si hewa tu.

Kesho yake watoto wasimulie darasani waliyoyaona. Mwalimu aulize kwanza na kueleza baadaye. Maandishi ya ubaoni yaje mwisho.

Pengine msomaji atauliza faida ya shughuli yote hii. Mtoto anayeamini kuwa kisichoonekana hakipo hataliogopa jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi, milango na madirisha yakafungwa. Mkaa uwakao katika hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu na kuizuia isibebe oksijeni ya kutosha. Aliyelala aweza kufa bila kuamka. Jiko lisilotoa moshi huonekana salama, kumbe sivyo.

Gesi hii haina mchezo, wala isijaribiwe kamwe. Huelezwa kwa maneno tu, baada ya kikombe na puto kumthibitishia mtoto kwamba kisichoonekana kipo na kina nguvu. Tukifundisha hivyo, huenda usiku mmoja mtoto akamwambia mama yake: "Mama, jiko tulitoe nje kabla ya kulala," na akaweza kumweleza sababu.