Majina Mawili, Mtu Mmoja: Nadharia za Mashabiki na Suala la Urejeleo katika Umineko no Naku Koro ni

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi nadharia za mashabiki zinavyojengwa na kupimwa katika riwaya-taswira ya Kijapani Umineko no Naku Koro ni (2007–2010). Nadharia inayoshughulikiwa ni ile inayodai kwamba watumishi wawili, Shannon na Kanon, ni mtu mmoja. Inaelezwa kwamba nguvu ya nadharia hiyo inatokana na swali la kiisimu: jina la mhusika linarejelea nini? Aidha, makala yanaonesha kwamba kazi yenyewe inatofautisha nadharia inayofumbua mbinu na usomaji unaomfahamu mtu, na kwamba tofauti hiyo ina uzito wa kimaadili.

1.0 Utangulizi

Riwaya-taswira ni utanzu wa fasihi ya kidijitali uliokomaa nchini Japani. Matini yake husomwa kwenye skrini, ikiandamana na picha za wahusika, mandhari, muziki na pengine sauti za waigizaji. Katika kazi nyingi za utanzu huu, msomaji hufikishwa kwenye njia panda na kutakiwa kuchagua, na uchaguzi wake hubadili mkondo wa hadithi. Umineko no Naku Koro ni, iliyoandikwa na Ryukishi07 wa kikundi cha 07th Expansion, haina njia panda hizo isipokuwa katika sehemu yake ya mwisho. Kazi pekee anayoachiwa msomaji ni kufikiri.

Namna kazi hiyo ilivyotolewa iliipa kazi hiyo ya kufikiri nafasi pana. Sehemu zake nane zilitolewa moja moja katika maonesho ya Comiket jijini Tokyo, kila Agosti na Desemba, kuanzia Agosti 2007 hadi Desemba 2010. Sehemu nne za kwanza zinauliza maswali, na nne za mwisho zinaelekeza kwenye majibu. Katika miezi ya kungojea kati ya sehemu moja na nyingine, wasomaji walitunga nadharia, wakazipinga na kuzirekebisha. Mwandishi alikuwa amekwisha kuzoea utaratibu huo katika Higurashi no Naku Koro ni (2002–2006), lakini katika Umineko aliuingiza ndani ya hadithi: wahusika wenyewe wanabishana kwa nadharia.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili si mgeni wa mvutano unaoiendesha kazi hii. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Mohamed Said Abdulla, kifo kinahusishwa na mzimu, na mpelelezi Bwana Msa anatafuta chanzo cha kibinadamu. Tofauti ni kwamba Bwana Msa humfumbulia msomaji fumbo. Katika Umineko, mpelelezi anayetarajiwa kulifumbua fumbo ni msomaji mwenyewe.

2.0 Kisa na Kanuni za Ubishi

Kisa kinatendeka katika kisiwa cha Rokkenjima tarehe 4 na 5 Oktoba 1986. Ukoo tajiri wa Ushiromiya umekutana kujadili urithi wa mzee Kinzo. Tufani inakitenga kisiwa, na mauaji yanaanza kufuata hatua zilizotajwa katika maandishi ya fumbo yaliyowekwa chini ya picha ya Beatrice, anayesemekana kuwa mchawi. Kisiwani kuna watu 18 wanaotajwa: Kinzo, watoto wake 4, wakwe 3, wajukuu 4, daktari 1 na watumishi 5. Mauaji kadhaa hutokea katika vyumba vilivyofungwa kwa ndani. Beatrice anadai kwamba ameua kwa uchawi, na mjukuu Battler anadai kwamba aliyeua ni binadamu. Kila sehemu inarudia siku hizohizo mbili kwa mpangilio tofauti wa mauaji.

Ubishi wa aina hii ungeweza kuendelea bila kikomo, kwa kuwa msimulizi anaonesha matendo ya kichawi kana kwamba yalitokea. Ndiyo sababu Sehemu ya 2 inaleta kauli nyekundu. Lolote linaloandikwa kwa rangi nyekundu ni kweli na halihitaji ushahidi. Baadaye inaongezwa kauli ya buluu, ambayo ni dhana ya mpinzani, na mchawi asipoikanusha kwa kauli nyekundu, dhana hiyo inasimama. Kwa hiyo matini ina ngazi mbili za ukweli. Masimulizi ya kawaida yanaweza kudanganya, lakini kauli nyekundu haziwezi.

Mfumo huu unachota pia kwenye kanuni za riwaya ya upelelezi. Dlanor A. Knox, anayeingia katika Sehemu ya 5, amepewa jina linalopatikana kwa kuligeuza Ronald, jina la padri Mwingereza Ronald Knox aliyetoa kanuni 10 za utanzu huo mwaka 1929. Willard H. Wright wa Sehemu ya 7 anakumbusha jina halisi la S. S. Van Dine, aliyechapisha kanuni 20 mwaka 1928. Kupitia wahusika hao, msomaji anakumbushwa kwamba kukisia kuna masharti. Nadharia isiyoweza kupingwa na chochote haina thamani, na nadharia inayopingana na kauli nyekundu haina uhai.

3.0 Nadharia ya Utambulisho Mmoja

Kati ya nadharia zilizotungwa, iliyodumu ni ile inayosema kwamba Shannon, mtumishi wa kike, na Kanon, mtumishi wa kiume, ni mtu mmoja anayejivika nafsi mbili. Wasomaji walioitetea walitegemea ushahidi wa aina tatu.

Kwanza ni ushahidi wa mtazamo. Wawili hao wanaoneshwa mara nyingi wakizungumza pamoja, lakini hakuna tukio ambalo mhusika mwenye nafasi ya mpelelezi anawaona wote wawili kwa wakati mmoja. Msomaji anayejua kutenga sauti ya msimulizi na macho ya mhusika anagundua kwamba mazungumzo hayo hayana shahidi wa kuaminika.

Pili ni ushahidi wa hesabu. Inapobainika kwamba Kinzo alikuwa amekwisha kufa kabla ya mkutano, watu 18 wanabaki 17. Furudo Erika, mgeni anayeletwa kisiwani na bahari katika Sehemu ya 5, angepaswa kuwa mtu wa 18. Hata hivyo, kilele cha Sehemu ya 6 kinatamka kwa rangi nyekundu kwamba hata yeye akijumuishwa, waliopo ni 17. Kuna mtu mmoja aliyehesabiwa mara mbili.

Tatu ni ushahidi wa hisia. George anampenda Shannon, Jessica anampenda Kanon, na Beatrice moyo wake uko kwa Battler. Sehemu ya 6 inawaweka Shannon, Kanon na Beatrice katika shindano ambalo mmoja tu anaweza kupata penzi lake. Kama hao ni watu watatu, sharti hilo halina maana, kwa kuwa kila mmoja ana mpenzi wake na hakuna anayemzuia mwenzake. Sharti linaeleweka pale tu wote watatu wanapokuwa na mwili mmoja, ambao hauwezi kuishi maisha matatu.

4.0 Jina, Mtu na Kifo

Pingamizi kubwa dhidi ya nadharia hii lilitoka katika kauli nyekundu zenyewe. Katika Sehemu ya 2 inatamkwa kwa rangi hiyo kwamba Kanon aliuawa chumbani. Shannon anaendelea kuonekana baada ya hapo. Kama ni mtu mmoja, aliyeuawa anatembeaje?

Jibu la watetezi ni kwamba kauli nyekundu inathibitisha ukweli wa sentensi, lakini haifasili maneno yaliyomo. Iwapo jina Kanon linarejelea nafsi inayoigizwa, nafsi hiyo inaweza kuuawa kwa kuachwa kuigizwa, na mwili ukabaki hai. Iwapo neno mtu linarejelea mwili, hesabu itafuata miili na haitafuata majina. Hapa ndipo fumbo la mauaji linapogeuka kuwa suala la semantiki. Gottlob Frege alionesha mwaka 1892 kwamba majina mawili yanaweza kuwa na kirejelewa kimoja yakiwa na maana tofauti. Nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni sayari moja, lakini mtu anaweza kuzijua zote mbili asijue kwamba ni kitu kimoja. George na Jessica wako katika hali hiyohiyo.

Hila hii inategemea pia sarufi ya lugha ya kazi. Kitenzi cha Kijapani hakibebi kiambishi cha nafsi wala cha idadi, na kiima huweza kudondoshwa kabisa. Msimulizi anaweza kueleza tendo bila kusema limetendwa na mmoja au wawili. Kiswahili kingemweka mfasiri katika hali tofauti. Kwa upande mmoja, kiambishi a- hakibainishi jinsia, kwa hiyo kingeificha siri ambayo viwakilishi vya Kiingereza vingeifichua au kuipotosha. Kwa upande mwingine, upatanisho wa kisarufi ungemlazimisha mfasiri kuchagua kati ya aliingia na waliingia. Chaguo la wa- katika masimulizi ya kawaida lingekuwa uongo wa msimulizi, jambo ambalo kazi inaliruhusu. Lakini wa- hiyohiyo katika kauli nyekundu ingevunja kanuni ya kazi nzima. Nadharia ya mashabiki, kwa hiyo, ingemhusu mfasiri kwa namna ya moja kwa moja: asiyeijua angeweza kuiharibu matini kwa silabi moja.

5.0 Nadharia na Waliobaki Hai

Kufikia Sehemu ya 6 mbinu ilikuwa karibu kufumbuliwa yote. Erika anaijua mantiki ya vyumba na kufuli kuliko mhusika yeyote, ila anashindwa. Sababu ya kushindwa kwake ni kwamba anawachukulia wahusika kama kete. Anauliza tendo liliwezekanaje, na hajali lilitendwa kwa nini. Sehemu ya 7 inajibu swali alilolipuuza. Inasimulia maisha ya mtoto aliyelelewa kama mtumishi na kujengea upweke wake nafsi za kuzungumza naye, huku akingojea ahadi ambayo Battler aliitoa miaka 6 kabla na kuisahau. Baada ya maelezo hayo, nadharia ya utambulisho mmoja inaacha kuwa hila ya hesabu. Inakuwa historia ya mtu aliyekosa nafasi ya kuishi kama nafsi moja.

Sehemu ya 8 inalisogeza suala hili mbele zaidi kupitia Ange, dadake Battler, aliyekuwa na umri wa miaka 6 na hakuwapo kisiwani. Mwaka 1998 Ange amekuwa kijana yatima katika dunia inayoburudika kwa kukisia ni nani aliyewaua ndugu zake. Mitungo inayodai kueleza tukio inasambaa, na baadhi ya makisio yanawatwika wazazi wake lawama. Sehemu ya 7 ilikuwa imekwisha kuonesha toleo moja la namna hiyo. Kwa wabunifu wa nadharia, hayo ni mazoezi ya akili. Kwa Ange, kila nadharia ni hukumu juu ya baba na mama ambao hawawezi kujitetea.

Baadhi ya wasomaji waliona kwamba Sehemu ya 8 iliwasaliti, kwa kuwa haikuandika jibu kamili. Lalamiko hilo lina msingi, maana mkataba wa riwaya ya upelelezi ni kwamba anayeuliza atajibu. Toleo la manga la sehemu hiyo lilieleza mengi kwa uwazi zaidi. Hata hivyo, kunyamaza kwa matini ya awali kunapatana na hali ya Ange. Mwishoni msomaji anatakiwa kuchagua kwa niaba yake kati ya uchawi na hila anapotazama kiini macho kidogo ambacho mbinu yake iko wazi. Anayechagua uchawi hadanganywi, kwani anajua jinsi kitendo kilivyofanyika. Anachokipokea ni nia ya aliyekitenda.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba nadharia za mashabiki katika Umineko ni usomaji wenye masharti. Hupimwa kwa kauli zisizopingika, kwa hesabu na kwa mtazamo wa anayeona. Nadharia ya Shannon na Kanon ilishinda kwa sababu watetezi wake waliacha kushughulika na kufuli za milango wakaanza kuchunguza urejeleo wa majina. Lakini kazi yenyewe haikuishia kwenye ushindi huo. Inadai kwamba nadharia ijibu pia swali la kwa nini, na kwamba anayeitunga akumbuke kuwa anazungumza juu ya watu wenye jamaa. Kwa taaluma ya fasihi ya Kiswahili, ambamo riwaya ya upelelezi imesomwa zaidi kwa kufuata kazi ya mpelelezi na utatuzi wa fumbo, mfano huu unapendekeza swali la ziada: fumbo likishafumbuliwa, ni nani bado hajasikilizwa?