ASBL ya kartie: nani anaiunda, feza inatoka wapi, na nani anaichunga

Mjini Lubumbashi, ukipita katika komini ya Kenya, Katuba ao Ruashi, hautakosa kuona bango dogo mbele ya lupango: jina la shirika, herufi ASBL, na namba ya simu. Pengine nyuma ya bango hilo kuna chumba kimoja chenye ubao, na bamama wanaojifunza kusoma kisha kutoka sokoni. Pengine hakuna kitu: bango tu, na mtu mmoja mwenye kutembea na mihuri ndani ya sakosi. Wakaaji wengi wanayaweka yote mawili katika kapu moja na kusema "hao ni watu wa projet". Kumbe sheria inatenganisha, na tangu 2018 tofauti hiyo imekuwa jambo la feza nyingi, sababu feza ya machimbo nayo imeingia katika mambo haya.

ASBL ni shirika lisilotafuta faida. Sheria inayoyaongoza ni ile namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001. Inaweka mafungu matatu: mashirika ya mambo ya utamaduni, ya kijamii, ya elimu ao ya uchumi, mashirika yasiyo ya serikali, ndiyo ONG, na mashirika ya dini. Shirika halikatazwi kuuza kitu. Kikundi cha bamama kinaweza kushona nguo na kuziuza. Kile kinachokatazwa ni kugawana faida kama wenye duka. Feza inayopatikana inapaswa kurudi katika kazi ya shirika. Kwa hiyo likelemba ya soko, ambamo kila mmoja anaweka na kila mmoja anakula kwa zamu, si ASBL, hata ikiwa inasaidia sana.

Njia ya kupata karatasi ni ndefu. Wanachama wanafanya mkutano, wanaandika sheria za ndani, wanazipeleka kwa notere, kisha wanaomba kwa Waziri wa Sheria huko Kinshasa. Waziri anayehusika na kazi yenyewe, kama vile elimu ao mazingira, anapaswa kutoa maoni yake pia. Huku jimboni, gavana anaweza kutoa ruhusa ya muda, isiyopita miezi sita. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: sheria inasema kwamba miezi hiyo ikipita, shirika linahesabiwa kuwa limekwisha kukubaliwa, na waziri anapaswa kutoa arete yake katika mwezi mmoja. Kwa hiyo mtu wa ofisi akimwambia mwenye shirika "ruhusa yako imekufa, leta feza tuanze upya", mwenye shirika ana haki ya kufungua sheria na kumwonyesha.

Juu ya sheria hiyo kuna Katiba ya 2006. Kifungu cha 37 kinalinda uhuru wa kuunda mashirika. Kinaongeza kwamba viongozi wa serikali wanashirikiana na mashirika yenye kusaidia maendeleo na malezi ya raia, na kwamba ushirikiano huo unaweza kuwa msaada wa feza. "Unaweza" ndilo neno lenyewe. Mashirika mengi ya Lubumbashi yanaishi kwa michango ya wanachama, kwa zawadi za parokia, ao kwa wafazili wa nje, hayaishi kwa feza ya serikali.

Mambo haya hayakuanza jana. Mnamo 1965, wakati mji ungali unaitwa Elisabethville, kikundi cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani kwa wazungu kilisimamia kitabu kidogo cha historia ya mji, kilichotungwa na André Yav kwa Kiswahili cha hapa. Hawakuwa maprofesa. Walikuwa wapishi na maboi, waliokuwa wameona kila kitu kupitia mlango wa jikoni. Kitabu hicho kilipigwa kwa mashini na kutolewa nakala chache. Miaka ishirini na mitano baadaye, mu 1990, mtaalamu Johannes Fabian alikitoa tena pamoja na maelezo, na leo wanahistoria wa dunia wanakisoma. Shirika la watumishi, bila projet na bila mfazili mkubwa, liliacha ukumbusho ambao ofisi za serikali ya wakati ule hazikuacha.

Fungu la utamaduni ndilo limejulisha Lubumbashi mbali zaidi. Picha, shirika lililoundwa na wasanii wa mji, kati yao Sammy Baloji na Patrick Mudekereza, lilianzisha mu 2008 mikutano ya sanaa na picha iliyokuja kuitwa Biennale ya Lubumbashi. Baadaye kikazaliwa Kituo cha Sanaa Waza. Angalia majina yenyewe: Picha, Waza. Hayahitaji kutafsiriwa kwa mtu wa Kamalondo. Wasanii wanatoka nchi nyingi, lakini maonyesho yanafanyika hapahapa, katika jumba la makumbusho na sehemu nyingine za mji, na vijana wanajifunza kazi ya kamera, ya sauti na ya kupanga maonyesho. Mu 2022 Biennale ilichukua neno lenye kuchanganya sumu na mji, ToxiCité, na hapo utamaduni ukaingia moja kwa moja katika mambo ya maji na vumbi.

Vumbi hilo si hadithi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa watu 351 wa Katanga na kutoa matokeo mu 2009: waliokaa chini ya kilometa tatu na machimbo ao viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi sana mwilini, na watoto zaidi. Wataalamu wanapima, lakini mtu wa kawaida hasomi jarida lao. Hapo ndipo shirika la kartie lina kazi: kupeleka habari kwa lugha ya nyumbani, kuandika malalamiko ya wakaaji wa kando ya mto, kuyafikisha mahali yanapopaswa kufika. Mashirika kama PremiCongo, linalofanya kazi ya kulinda pori la miombo, na Afrewatch, linalofuata mambo ya madini, yana ofisi Lubumbashi na yanatoa ripoti juu ya mambo haya.

Pori nalo linakwisha. Nyumba nyingi za mji zinapika kwa makala, sababu umeme wa SNEL haufiki kila mahali, na pale unapofika unakatika. Kila gunia linaloingia kwa kinga ao kwa lori linatoka kwenye miombo, na kila mwaka wachomaji wanakwenda mbali zaidi. Mashirika mengi yanapanda miti siku ya sherehe, kamera zinapiga, na mwaka unaofuata hakuna anayemwagilia. Hiyo ni kazi ya bure. Miti mingi ya miombo inajua kurudi yenyewe kutoka kwenye kisiki, mradi moto wa mwisho wa kiangazi usipite hapo. Kuchoma mapema, majani yangali mabichi kidogo, na kuchunga visiki, kunafaa kuliko miche elfu isiyo na mwenyewe.

Kwa vijiji vinavyozunguka mji kuna chombo chenye nguvu zaidi, nacho ni pori la jamii. Dekreti namba 14/018 ya tarehe 2 mwezi wa nane 2014 inaruhusu jamii kupewa pori lake la desturi, mpaka hektari 50.000, bila kikomo cha muda. Arete ya 2016 inataka mabaraza manne: mkutano wa jamii yote, kamati ya kusimamia, kamati ya kuchunguza kazi ya ile ya kwanza, na baraza la wazee la kutatua magomvi. ASBL hapa si mwenye pori. Inasaidia kuchora karata pamoja na wakaaji, kuandika barua, kufundisha hesabu. Pale shirika linapojifanya mwenye pori, mambo yanaharibika.

Kusoma na kuandika kunazungumzwa kidogo, lakini bila hivyo mabaraza yote hayo yanakuwa ya watu wawili wenye kalamu. Tangu mwezi wa tisa 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, kama Katiba inavyotaka. Bado kuna vijana waliopita umri bila kukaa darasani, na wazazi ambao hawakwenda kabisa. Kwa vijana kuna vituo vya kuwarudisha, ambavyo vinafupisha miaka sita ya msingi kuwa mitatu. Kwa watu wazima kuna madarasa ya parokia, ya mashirika, na ya ofisi ya mambo ya kijamii. Shida moja ndogo inajitokeza kila mara: kitabu kinaandika "mimi ninakwenda", mama wa Katuba anasema "miye naenda". Mwalimu mzuri anaanza na ile ya mama, kisha anamvusha polepole mpaka ile ya kitabu na Kifaransa. Mwalimu mwenye kucheka Kiswahili cha mwanafunzi wake atabaki na viti vitupu kisha wiki mbili.

Sasa, feza ya machimbo. Kode ya madini ya 2002 ilibadilishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, na hapo milango miwili ikafunguka. Wa kwanza ni ushuru wa madini: 50% inakwenda kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa komini, sekta ao shefri ambamo madini yanachimbwa, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mlango wa pili ni 0,3% ya mauzo ya kampuni kwa mwaka, ambayo ni ya maendeleo ya jamii zilizoguswa na kazi ya machimbo.

Tuchukue kampuni ya mfano iliyouza shaba kwa dola milioni 100. Ushuru wa shaba ni 3,5%, ni kusema karibu dola milioni 3,5, na 15% yake ni dola 525.000 kwa komini ao shefri. Ile 0,3% ni dola 300.000 zaidi. Feza hii ya pili haipiti kwa meya wala kwa bourgmestre. Inasimamiwa na chombo chenye wajumbe wa kampuni na wajumbe wa jamii pamoja. Kando yake kuna kaye ya mapatano kati ya kampuni na jamii, mara nyingi ya miaka mitano, inayoandika shule gani, kisima gani, barabara gani, na mwaka gani.

Mjumbe wa jamii anatoka wapi? Ndilo swali kubwa. Pale vikundi vya wakulima, vya bamama na vya vijana vimekwisha kuzoea kukutana, kuandika mazungumzo na kuonyesha hesabu, jamii inapata mtu anayejua kusoma bajeti na asiyeogopa kuuliza. Pale hakuna vikundi, mtu wa karibu na chifu ao na kampuni ndiye anaketi, na wakaaji wanasikia habari ya kisima kikiwa kimekwisha kulipwa. Ni pale pia ASBL za sakosi zinatokea ghafla, zikitafuta kupewa kazi za kujenga.

Kuzitambua si vigumu. Mkaaji anaweza kuomba kuona arete ao ruhusa ya gavana, sheria za ndani zenye muhuri wa notere, na karatasi ya mkutano wa mwisho wa wanachama wote. Shirika la kweli linazitoa bila kukasirika. Aulize pia nani anatia sahihi benki: ikiwa ni mtu mmoja, ao mume na mke, jibu limekwisha kupatikana. Na kwa Lubumbashi kuna mlango mwingine tangu tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023, siku wakaaji wa miji mikuu ya majimbo walipochagua washauri wa komini kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii. Ile 15% inapoingia katika bajeti ya komini, mshauri wa komini ana haki ya kuuliza ilikokwenda, na mkaaji ana haki ya kumuuliza yeye.