Kompyuta Mbili, Kosa Moja

Tarehe 4 Juni 1996, huko Kourou katika Guiana ya Kifaransa, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza ikiwa na setilaiti nne za utafiti. Haikutimiza hata dakika moja. Iliacha njia yake, ikapasuka vipande vipande.

Injini hazikuwa na kasoro. Kosa lilikuwa katika programu, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Kompyuta ya kupima mwendo na mwelekeo ilichukuliwa, pamoja na programu yake, kutoka Ariane 4, roketi iliyokwisha kuruka salama mara nyingi. Namba moja iliyotokana na kasi ya roketi kwenda upande iliwekewa nafasi isiyozidi 32,767. Kwa Ariane 4 nafasi hiyo ilitosha. Ariane 5 ilikuwa na mbio zaidi, namba ikafurika, kompyuta ikajizima.

Utauliza, je, hapakuwa na kompyuta ya akiba? Ilikuwapo! Lakini nayo ilibeba programu ileile, ikakutana na namba ileile. Tena ndiyo iliyotangulia kuzimika. Wasanifu walijihadhari na kifaa kuharibika, wakasahau kwamba kosa la fikra likinakiliwa mara mbili hubaki kosa lilelile.

Kabla ya kunyamaza, kompyuta ilieleza ugonjwa wake kwa kompyuta kuu. Kompyuta kuu ikayasoma maelezo hayo kana kwamba ni vipimo vya safari, ikageuza midomo ya injini hadi mwisho. Hapo ndipo roketi ilipovunjika.

Linalouma zaidi ni hili: hesabu yenyewe haikuwa na kazi yoyote baada ya Ariane 5 kuondoka ardhini. Iliachwa iendelee kwa sababu tu Ariane 4 ilifanya hivyo. Tume ya uchunguzi, iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions, ilikuta kwamba hata hati ya mahitaji ya kifaa hicho haikutaja njia ambayo roketi mpya ingepita. Basi nani angeijaribu kwa njia hiyo?

Mnunuzi wa programu za ofisi akiambiwa kwamba mtambo umefanya kazi vizuri kwingine, aulize: ulihudumia watu wangapi huko, na kwa kasi gani?

Setilaiti nyingine nne zilitayarishwa. Zilirushwa mwaka 2000, safari hii kwa roketi za Kirusi.