Jenereta Ikae Nje, Hata Mvua Ikinyesha

Mto unaofua umeme mwingi kuliko mwingine wowote nchini ndio huu Rufiji, jirani wa watu wa Mtunda, wilayani Kibiti. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Ila umeme wake hauteremki na maji kuja Kibiti. Husafirishwa kwa njia ya kilovolti 400 hadi Chalinze, ndipo uingie Gridi ya Taifa. Deltani hufika kwa nyaya ndefu zinazopita kwenye ardhi ya tope, na masika kama ya 2024, mafuriko yalipoikumba Rufiji na Kibiti na Kimbunga Hidaya kikafuata mwezi Mei, yanatosha kutukumbusha jinsi nguzo zinavyojaribiwa.

Ndiyo maana mwenye friza la samaki na kamba hununua jenereta. Mwenye kibanda umiza naye hivyo hivyo. Siwalaumu, friza likiyeyuka, mtaji umeoza.

Hofu yangu ni pale inapowekwa. Nje kuna mvua na wezi, basi inaingizwa koridoni, mlango unafungwa, watu wanalala. Injini ya petroli hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Jenereta moja ndogo inaweza kuitoa kwa wingi kama mamia ya magari. Marekani, yenye ving'ora vya kunasa hewa hiyo majumbani, bado hupoteza watu karibu 100 kila mwaka kwa jenereta za aina hii.

Kwetu hatari inazidi kwa sababu dalili zake tunazijua kwa jina jingine: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Mtu wa Rufiji atasema malaria, ameze dawa, ajilaze. Lakini malaria haiwapandi watu wote wa nyumba saa moja, jenereta ikinguruma. Wala usitegemee upenyo wa makuti au dirisha lililo wazi, hautoshi.

Iwe mita sita au zaidi kutoka nyumbani, ekzosi ikitazama mbali na madirisha, yako na ya jirani. Kwa mvua, ijengee kibanda cha bati kilicho wazi pande zote, juu ya matofali maji yasiifikie. Kwa mwizi, mnyororo na kufuli kwenye shina la mnazi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na jenereta yenyewe.

Jambo jingine: usichomeke waya wa jenereta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Umeme huo unaweza kurudi hadi kwenye transfoma, ukapanda kufikia maelfu ya volti, na kumuua fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo akihangaikia kuwarudishia ninyi umeme. Fundi mwenye leseni akufungie swichi ya kubadilishia. Petroli nayo iongezwe injini ikiwa imezimwa na kupoa, na dumu lisilale chumbani.

Ukikuta mtu amezimia karibu na jenereta, mpeleke kwanza kwenye hewa safi, kisha zima injini, mkimbize kituo cha afya. Mwambie mganga wazi kwamba kulikuwa na jenereta ndani, asije akaanza na kipimo cha malaria.