Mzee Muddy na Albamu Iliyowagombanisha Mashabiki

Wiki hii ngoja nikuchokoze kidogo. Hivi mzee wa muziki akiamua kubadilika ili aende na vijana, tumpigie makofi au tumzomee?

Nauliza hivyo kwa sababu juzi pale maskani nusura washkaji washikane mashati kwa ajili ya albamu moja tu, Electric Mud ya marehemu Muddy Waters. Mmoja alisema hizo ni kelele tupu, zima. Mwingine akataka irudiwe tangu mwanzo. Kumbe ugomvi wenyewe si wa leo. Ulianza mwaka 1968 albamu ilipotoka, na mpaka sasa haujaisha.

Kwa wasiomjua, Muddy si mtu wa kubeza. Alitoka mashambani Mississippi, akahamia Chicago mwaka 1943, akaipa bluzi gitaa la umeme na sauti ya mjini. Wale Rolling Stones wa Uingereza jina lao wamelitoa kwenye wimbo wake wa mwaka 1950. Sasa pima mwenyewe uzito wa mzee huyo.

Lakini kufikia 1968 mambo yalikuwa magumu. Vijana weusi walishahamia kwenye soul, wale weupe wamepagawa na roki ya kina Jimi Hendrix. Mzee kapita miaka 50 na soko limempa kisogo. Ndipo Marshall Chess, mtoto wa mwenye kampuni ya Chess, akaja na wazo lake. Mzee aimbe, tena nyingi ziwe nyimbo zake za zamani, lakini nyuma yake wapige vijana wakali wa Chicago. Mmoja wao alikuwa Pete Cosey, mpiga gitaa aliyekuja kutesa na Miles Davis miaka ya 70.

Basi magitaa yakanguruma, yakalia, yakapiga mayowe. Muddy mwenyewe hakushika gitaa, kazi yake ikawa kuimba tu. Akapigwa na picha kavalishwa joho jeupe kama mahipi. Na kama vile haitoshi, akaimbishwa wimbo wa Rolling Stones, wale wale wanawe!

Mwanzoni albamu iliuza, ikaingia hata kwenye chati ya Billboard na kufika nafasi ya 127. Lakini wapenzi wa bluzi ya asili wakaja juu wakidai mzee kaharibiwa. Muddy naye baadaye akaikana waziwazi. Hoja yake ilikuwa nyepesi: rekodi ambayo huwezi kuipiga jukwaani na bendi yako, ina faida gani? Hapo, jamani, mzee aligonga penyewe.

Hata hivyo, upande wa pili nao wana lao. Chuck D wa kundi la Public Enemy ni mmoja wa walioipenda kweli kweli. Kwake ilikuwa mlango wa kuingilia kwenye bluzi, na mwaka 2003 alionekana kwenye filamu ya Godfathers and Sons akiwa na wanamuziki wale wale walioipiga.

Mimi nasimama wapi? Mwaka 1969 Muddy alitoa Fathers and Sons. Safari hii vijana walimfuata mzee kwenye bluzi yake, na albamu ikapanda chati kuliko ile ya joho. Kwa hiyo aliyesema mzee aachwe apige chake hakukosea.

Ila nakiri jambo moja. Mimi nilimjua Muddy kupitia kelele hizo hizo. Zilinishika masikio, nikaanza kuulizia za zamani, na sasa za zamani ndizo nazilala nazo. Bila mlango ule mbovu, ningeijuaje nyumba?

Wewe je, ungezima au ungerudia?