Mgonjwa Anapoteleza Kitandani
Chupa ikilazwa ubavu juu ya ubao ulioinama huviringika: kila sehemu yake hugusa ubao na kuinuka bila kusuguliwa. Tofali juu ya ubao huohuo, mwinamo ukizidi, huteleza, na upande mmoja tu ndio unaosuguliwa mwanzo hadi mwisho. Mgonjwa aliyeinuliwa upande wa kichwani yumo katika hali ya tofali, tena mbaya zaidi, kwa kuwa ngozi hung'ang'ania shuka ilhali mifupa hushuka ndani. Mishipa midogo ya damu iliyo katikati huvutika na kuzibika. Kidonda huweza kuanzia ndani, kwenye mfupa ulio juu ya matako, kabla ngozi haijabadilika. Ndiyo maana mwinuko usizidi nyuzi 30, isipokuwa wakati wa kula au kwa mwenye shida ya kupumua. Magoti yainuliwe kwanza, kisha kichwa. Na aliyeteremka asiburutwe kwa kushikwa makwapa, desturi iliyozoeleka mno wodini. Aviringishwe ubavu, shuka la kubebea litandikwe chini yake, kisha watu wawili wamnyanyue.