Kuhamisha Michango ya Pensheni: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuomba

Wasomaji wengi wa kanda ya Ziwa, hususan waliopunguzwa kazi katika viwanda vya minofu ya sangara jijini Mwanza, hutuuliza iwapo wanaweza kuondoa michango yao katika Mfuko na kuipeleka watakako. Jibu hutegemea sababu ya mtu kutoka kazini na muda aliochangia.

Tangu Agosti 2018, mifuko ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF ilipounganishwa kuwa PSSSF, watumishi wa umma huchangia PSSSF, nao wa sekta binafsi na waliojiajiri huchangia NSSF. Mfanyakazi wa kiwandani anayeajiriwa kuwa mwalimu Ilemela hubadilisha Mfuko, lakini hapotezi miezi yake. Vipindi vya uchangiaji hujumuishwa: miezi 120 ya NSSF na 84 ya PSSSF hufanya 204, nayo pensheni ya uzeeni huhitaji angalau 180. Kila Mfuko peke yake usingemfikisha hapo. Kwa hiyo tunamsihi mwanachama wa namna hii asiombe kurejeshewa michango yake, kwa kuwa miezi iliyokwisha kulipwa haihesabiwi tena.

Aliyepoteza ajira pasipo kuacha kazi kwa hiari, akiwa amechangia miezi 18 au zaidi na hajafikisha miaka 55, huanzia kwenye fao la kukosa ajira. Fao hili ni asilimia 33.3 ya mshahara, kwa miezi isiyozidi sita. Aliyekuwa akilipwa shilingi 450,000 hupata takriban 150,000 kwa mwezi. Kiasi hicho ni kidogo kwa mwenye kodi ya nyumba na ada za shule, na hatuoni sababu ya kulificha. Fao likikoma, naye akakaa miezi 18 mingine bila ajira, ndipo anaporuhusiwa kuomba michango yake ihamishiwe kwenye mpango wa hiari.

Kusubiri huko ndiko huwapa vishoka nafasi. Ukikutana na mtu stendi au mwaloni akidai kuwa ataharakisha uhamisho kwa malipo, usimpe namba yako ya uanachama wala kitambulisho. Maombi hupokelewa na Mfuko wenyewe. Nenda na barua ya mwajiri inayoeleza sababu ya ukomo wa ajira, na kabla ya kusaini chochote omba taarifa ya michango yako uihakiki mwezi kwa mwezi. Mwezi ambao mwajiri hakuwasilisha mchango udaiwe mapema, kiwanda kingali wazi.